Taa Nyekundu ya Gari la Nestori

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka mwilini. Nasema mwilini, kwa sababu kichwa changu kimeanza kusahau mengi, hata majina ya wajukuu nayachanganya. Lakini asubuhi ile nikiikumbuka, mikono inatafuta kitu cha kushika.

Jana nilikuona umelala chini ya usukani wa gari la yule mteja, taa ya freni inawaka, na nilimsikia akikuambia, "Zima tu hiyo taa, inanichosha." Nikanyamaza. Mtu mzima akimkosoa fundi mbele ya mteja, anamvunjia heshima. Leo mteja hayupo, gari lake tu ndilo liko hapa. Weka hiyo bisibisi chini, ukae, nikuambie habari ya gari la Nestori.

Mimi nimefundishwa kazi hii na baba yangu mdogo, Saidi, Mungu amrehemu. Garaji yake ilikuwa hapa hapa Rumonge, kando ya barabara kubwa inayotoka Nyanza-Lac kwenda Bujumbura, nyuma yake michikichi. Alikuwa fundi wa umeme wa magari ambaye watu walimfuata kutoka mbali. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na alipenda kuimba akifanya kazi. Nakuambia hivyo mapema ili usije ukafikiri habari hii ni ya fundi mbovu au ya mtu mwenye roho mbaya. Ingekuwa hivyo nisingeogopa mpaka leo. Ninachoogopa ni kwamba yule alikuwa fundi mzuri.

Nestori alikuwa shofa mwenye gari lake mwenyewe. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania, alikokulia ukimbizini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka sisi watoto wa Rumonge tulikuwa tunamcheka na kumwonea wivu kwa pamoja. Minibasi yake ilikwenda Bujumbura asubuhi na kurudi jioni, imejaa watu, na juu ya paa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na mitungi ya mawese. Mtu mpole, Mkristo wa kweli. Hakuwahi kuondoka kituoni bila kufumba macho kidogo na kuomba.

Basi, gari lake lilianza kuwasha taa nyekundu ya freni. Wewe unaijua kazi, lakini acha niseme kama vile huijui. Kwenye kichupa cha mafuta ya freni kuna kidude kinachoelea. Mafuta yakishuka, kinashuka nayo, kinagusisha nyaya, na taa inawaka mbele ya dereva. Hakuna zaidi ya hapo. Kidude kidogo kuliko kidole, ndicho kinachomwambia dereva kwamba karibu mguu wake utakanyaga hewa.

Mara ya kwanza Nestori alipokuja, kazi niliifanya mimi. Nilifungua kichupa nikakuta mafuta yamejaa vizuri. Nikafuata waya, nikakuta maji yameingia kwenye kiungio, shaba imeota kutu ya kijani, nyaya zinagusana bila sababu. Nikakata mahali palipooza, nikaunganisha upya, nikachomea risasi, nikafunga. Taa ikazimika kwa haki yake. Baba Saidi akanipiga begani, akamwambia Nestori, "Ile taa ilikuwa inasema uongo. Sasa itasema kweli."

Siku zikapita. Taa ikawaka tena.

Siku hiyo mimi sikuwepo garajini. Mke wangu Mwajuma alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana, na arobaini ilikuwa imekwisha. Mama yake, aliyekaa Kabezi, alikuwa bado hajamwona mjukuu. Nilikuwa nyumbani nafunga mizigo ya safari ya kesho yake. Nestori alifika kwa Baba Saidi alasiri, akamkuta na magari mengine yanasubiri na wenyewe wanalalamika.

Akamwambia, "Baba Saidi, imerudi tena ile nyekundu. Abiria wa mbele wanaiona, wanaanza kuulizana. Kesho natoka asubuhi."

Baba Saidi akatazama kichupa. Hakukifungua. Kilikuwa cha zamani, kimegeuka rangi ya chai, na ndani yake palikuwa na mstari wa uchafu mahali mafuta yalipokuwa yakifika zamani. Mtu akikiangalia kwa nje, ule mstari anauona kama mafuta yenyewe. Baba Saidi akaona kimejaa. Akasema moyoni, kama alivyonieleza baadaye: ni waya ule ule, mutoto alifanya kazi lakini maji yamerudi. Na hakuwa na nafasi ya kuufuata tena kutoka kichupani mpaka kwenye dashibodi.

Akafanya jambo ambalo mafundi wengi wanalijua. Akaukata waya wa taa ya freni, akauunganisha na waya wa taa ya chaji ya betri. Ukifungua swichi, taa zote zinawaka, na dereva anafurahi kuona hakuna iliyokufa. Injini ikinguruma na kuanza kuchaji, ya chaji inazimika, na ile ya freni inazimika pamoja nayo. Haiwaki tena safari nzima, hata kichupa kikauke.

"Ni ya muda," alimwambia Nestori. "Ukirudi na nafasi, nitaitengeneza vizuri."

Mwanangu, maneno hayo mawili, *ya muda*, nimeyasikia katika garaji nyingi.

Kesho yake nikamsindikiza mke wangu kituoni. Mbele kulikuwa kumeshajaa, basi nikamweka kiti cha nyuma kabisa, karibu na kioo, ili mtoto apate hewa. Nestori akafungua swichi. Nilikuwa nimesimama dirishani kwake, tunaagana, na kwa macho yangu niliona taa nyekundu zikiwaka, halafu injini ikanguruma, zikazimika zote. Nikafurahi. Nikamwambia, "Naona Baba ameitengeneza." Akasema, "Mungu ambariki." Akafumba macho, akaomba, akaondoka.

Nilitembea polepole mpaka garajini. Baba Saidi alikuwa amekaa kwenye tairi, anakunywa chai na mandazi. Nikaanza kufagia, na hapo ndipo nikaona doa sakafuni.

Lilikuwa dogo. Sakafu ya garaji ina madoa mengi, unajua, lakini hili lilikuwa jipya na lilikuwa mahali tairi la nyuma la gari la Nestori lilipokuwa limesimama. Nikaligusa. Mafuta ya injini ni mazito na meusi, mawese ni mekundu na yana harufu yake. Haya yalikuwa mepesi, yanateleza, na harufu yake ilinipanda puani kama dawa. Nikasugua vidole. Yalikuwa mafuta ya freni.

"Baba," nikasema, "gari la Nestori lilikuwa na shida gani jana?"

"Ile taa yako," akajibu, hakunitazama. "Waya umerudia mchezo wake. Nimeuunganisha na wa chaji, mpaka arudi."

"Kichupa ulikifungua?"

Kikombe kikasimama karibu na mdomo wake. "Kilikuwa kimejaa. Niliona mstari."

Nilinyoosha vidole vyangu mbele ya uso wake. Akavinusa. Mwanangu, nimewahi kuona watu wakipewa habari za msiba, lakini sijaona uso ukibadilika kama ule. Akaweka kikombe chini kikamwagika, na akasema kwa sauti ya mtu mwingine, "Mke wako amepanda gari gani?"

"Hilo hilo."

Alikuwa na pikipiki ya zamani. Hatukufunga hata mlango wa garaji. Yeye mbele, mimi nyuma na ovaroli yangu ya bluu, tukaingia barabarani. Siku zile simu za mkononi tulikuwa tunazisikia tu, hatukuwa na namna ya kumpigia mtu mbele tukamwambia simamisha gari. Tumaini letu lilikuwa moja: kwamba Nestori husimama njiani kupakia samaki.

Kutoka Rumonge barabara inafuata ziwa. Mwanzoni ni tambarare, na nilikuwa nikijiambia, hapa hata freni zikiisha gari litasimama lenyewe. Lakini mbele ya Magara, ukikaribia Gitaza, milima inasogea mpaka majini, barabara inabanwa kati ya mlima na ziwa, inapanda, inashuka, inakunja kona. Hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa umeshafika kabla ya mwili. Nilikuwa naona kila kona, na kila kona nilikuwa naona kioo cha nyuma cha minibasi, na nyuma ya kioo mtoto wangu.

Minago tukauliza. Mama mmoja aliyekuwa anaanika ndagala akasema, "Nestori? Amepita, amechukua watu hapa. Hamujachelewa sana." Neno "sana" likanichoma.

Tulipokaribia Magara tukakuta bariyeri ya askari, mti umelazwa barabarani. Askari mmoja akanyoosha mkono.

"Amahoro. Munakimbia nani?"

"Hatukimbii mtu, shefu," Baba Saidi akasema. "Kuna gari mbele halina freni, na dereva hajui."

Askari akamtazama, akanitazama. Lazima nikueleze, mwanangu, kwamba ile ilikuwa miaka ya wasiwasi. Magari yalikuwa yakivamiwa katika barabara ile, na watu wawili kwenye pikipiki, wanakimbiza minibasi yenye abiria, hawakuwa picha nzuri. Akataka karata zetu za utambulisho. Mimi yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani, kwenye koti. Akaniambia nishuke.

Nikashuka. Nikamwonyesha vidole vyangu vyenye mafuta, kama vile askari angeweza kuelewa. Kisha maneno yakatoka yenyewe: "Mke wangu iko ndani. Na mutoto. Ana mwezi mmoja tu."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Akainua ule mti wa bariyeri. "Kwendeni," akasema. "Amepita sasa hivi."

Tuliliona gari baada ya Magara, likipanda kilima mbele yetu, mizigo ya juu ikiyumba. Nikapiga kelele kwa furaha. Baba Saidi akabonyeza honi, akawasha taa ya mbele, akaongeza mwendo. Mimi nikapunga mikono yote miwili.

Na gari likaongeza mwendo.

Kwanza sikuelewa. Tukasogea, nalo likakimbia zaidi. Ndipo nikaelewa. Nestori alikuwa ametuona kwenye kioo chake: pikipiki, watu wawili, wanakuja kwa kasi, wanapiga honi, wanapunga mikono. Alifikiri sisi ni majambazi. Alikuwa anawaokoa abiria wake. Sisi tuliokuja kumzuia ndio tuliokuwa tunamsukuma kuelekea mteremko wa Gitaza.

"Baba, punguza!" nikamlilia sikioni. "Anatuogopa! Punguza!"

"Nikipunguza, atashuka mlima peke yake!"

"Na usipopunguza atashuka kama anaruka!"

Hakuna fundi duniani aliyefundishwa afanye nini hapo. Baba Saidi akapunguza. Nilisikia kifua chake kikipanda na kushuka chini ya mikono yangu, na nilimsikia akisoma dua. Mimi nikasimama juu ya vikanyagio vya pikipiki, nikamshika bega kwa mkono mmoja, nikavua kofia, ili yeyote anayetazama nyuma aone kichwa changu na ovaroli yangu. Nikaita jina la mke wangu. Upepo wa ziwa ulikuwa unalichukua jina na kulitupa nyuma.

Mwajuma aliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa ndani. Mtu mmoja alikuwa amepiga kelele kwamba kuna wavamizi nyuma, na abiria wote wakainama kati ya viti. Wengine walikuwa wanaomba kwa Kirundi, wengine wanalia. Naye alikuwa amemfunika mtoto kwa mwili wake. Lakini akasema kuna kitu kilimwambia ainue kichwa. Akainua, akatazama kupitia kioo, akaona ovaroli ya bluu aliyoifua yeye mwenyewe.

"Ni mume wangu!" akapiga kelele. "Nestori, simama! Ni Ramadhani na Baba Saidi!"

Nestori akakanyaga freni. Pedali ikaenda mpaka chini, laini, kama mtu anayekanyaga tope. Akakanyaga tena, na tena. Alikuwa ameshaanza kushuka.

Sisi tukaona taa za nyuma zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika, na gari halipungui. Nilijua maana yake. Nilifumba macho. Sioni haya kukuambia, nilifumba macho, na niliposikia injini yake inalia kwa sauti ya juu, nikajua anarudisha gia, anajaribu kulizuia kwa injini. Nikafumbua. Mbele yake palikuwa na kona, na upande wa kushoto wa kona hapakuwa na kitu ila mawe, halafu maji.

Nestori hakuifuata kona. Alivuta freni ya mkono, akalipeleka gari kulia, kwenye ukuta wa mlima. Ubavu ukasugua udongo na mawe, vioo vikapasuka, mizigo ikamwagika kutoka juu, ndagala zikatapakaa barabarani na mawese yakatiririka mekundu, na katika hofu yangu niliyaona kama damu. Gari likaburuzika, likainama, tairi la mbele likaingia mtaroni. Likasimama.

Kulikuwa na kimya. Mwanangu, katika ile asubuhi yote, kimya kile ndicho kilichonitisha kuliko vyote. Kisha mtoto akalia. Mtoto mchanga, kilio chembamba, kilicholalamika kama anayeamshwa kutoka usingizini. Nikaruka kutoka pikipiki kabla haijasimama, nikaanguka, nikainuka. Mwajuma alikuwa anatoka kwa dirisha la nyuma, ananipa mtoto kwanza. Paji lake la uso lilikuwa limechanika. Mtoto hakuwa na hata mkwaruzo.

Hakufa mtu. Nakuambia sasa ili usikae na wasiwasi kama nilivyokaa mimi. Bibi mmoja mwenye mvi, aliyekuwa anarudi kwake Kabezi, alivunjika mkono. Nestori alipigwa na usukani kifuani, na kwa muda mrefu baadaye hakuweza kuvuta pumzi bila kujikunja. Wengine walikuwa na majeraha ya vioo.

Lakini hofu yangu haikuishia pale. Abiria walipojikuta hai, wakaanza kuuliza. Wewe unajua watu waliotoka kwenye kifo wanavyokuwa. Wakamzunguka Nestori aliyekaa chini ameshika kifua. Mwanaume mmoja mkubwa akampigia kelele, "Ulituweka kwenye gari bila freni! Ulitaka kutuua!" Mwingine alikuwa ameokota jiwe.

"Taa haikuwaka," Nestori akasema kwa shida. "Naapa. Niliangalia njia nzima. Haikuwaka."

"Muongo!"

Nikamwona Baba Saidi anashuka kutoka pikipiki. Nikajua anakwenda kufanya nini. Nikamshika mkono kwa nguvu, mtoto bado yuko kifuani kwangu, nikamnong'oneza, "Baba, nyamaza. Watakuua hapa. Tutasema waya ulikatika wenyewe. Nani atajua?"

Akanitazama. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Taa moja nimeizima jana," akasema, "na umeona. Sasa unataka nizime na ya pili?"

Akautoa mkono wangu polepole, akapita katikati ya watu wale, mzee mfupi, amevaa kofia ya baraghashia iliyopinda, akasimama kati yao na Nestori.

"Muacheni huyu," akasema. "Hana kosa. Taa ya freni niliizima mimi, jana, kwa mikono hii. Ilikuwa inasema kweli, na mimi nikaona inasumbua. Sikufungua hata kichupa. Mimi ndiye."

Yule mwenye jiwe akainua mkono. Nikageuka na mtoto kifuani ili asione, kama vile mtoto wa mwezi mmoja angeona. Nilingoja sauti ya jiwe. Badala yake nikasikia sauti ya yule bibi aliyevunjika mkono. Alikuwa amekaa juu ya gunia, mkono umelala mapajani kama si wake.

"Weka hilo jiwe chini," akasema. "Huyu amekuja mwenyewe. Angeweza kubaki Rumonge anakunywa chai, sisi tukafia majini, na hakuna ambaye angejua. Nyinyi mliwahi kuona mtu anakimbiza kosa lake kwa pikipiki?"

Hakuna aliyecheka. Lakini mkono ukashuka. Mtu mmoja akakaa chini, akaanza kulia, na wengine wakakumbuka kwamba wana majeraha.

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yakawa mazuri pale pale. Nestori hakumjibu Baba Saidi siku ile, wala hakumtazama. Alipokuja kuchukua gari lake lililotengenezwa, alikuja na ndugu yake, akaongea na ndugu, siyo na sisi. Nayo kazi ile tuliifanya mimi na Baba bila wimbo hata mmoja. Tulibadilisha silinda ya tairi la nyuma iliyokuwa inavuja, tukaweka kichupa kipya kinachoonyesha mafuta, na waya wote wa taa tukaung'oa, tukapitisha mwingine mpya kutoka kichupani mpaka kwenye dashibodi, kipande kimoja kisicho na kiungio. Kisha Baba Saidi akamwita Nestori asogee. Akafungua kichupa mbele yake, akanyonya mafuta kwa bomba la sindano, injini inanguruma. Taa ikawaka. Akayarudisha, ikazimika. Akasema, "Usichukue neno langu. Fanya wewe." Nestori akafanya mwenyewe, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na sisi tukasimama tunangoja. Hapo ndipo alipomtazama Baba Saidi kwa mara ya kwanza. Akasema, "Murakoze." Asante ya Kirundi, neno moja tu. Baba Saidi akaingia nyuma ya garaji, na mimi nikajifanya sisikii analia.

Baba Saidi alimtembelea yule bibi wa Kabezi mpaka mkono wake ukaunga, na hata baada ya hapo aliendelea. Alipofariki, bibi alikuja mazishini. Nestori naye alikuja. Alishika jeneza kwa mkono wake, akalibeba mpaka makaburini.

Sasa, mwanangu, nisikilize kama fundi na kama mtoto wangu.

Taa ikiwaka, usianze kwa kuuliza namna ya kuizima. Uliza inasema nini. Fungua kichupa kwa mkono wako, hata kama jana kilikuwa kimejaa, hata kama mteja anatazama saa. Mstari wa uchafu usiuite mafuta. Na kama jana taa ilidanganya, hiyo siyo ruhusa ya kuiita mwongo leo. Siku hizi mna vile vikompyuta vinavyofuta taa zote kwa kubonyeza mara moja. Kidole chako kiwe kizito juu ya kitufe hicho. Mteja akikuambia inamchosha, mwambie iko kazini. Akikasirika akaenda kwingine, mwache aende, lakini mwambie kabla hajaondoka nini ulichokiona, tena mwambie mbele ya mtu.

Na hofu, usiionee haya. Mimi nimefanya kazi hii mpaka nikazeeka nikiwa naogopa kila siku, na hofu hiyo imenifanya nifungue vichupa vingi ambavyo vilikuwa vimejaa. Sijutii hata kimoja.

Lakini lililo kubwa ni hili. Itafika siku utakosea. Wewe ni fundi mzuri, na kwa hiyo utakosea mahali ambapo hakuna anayekushuku. Siku hiyo usisubiri chai iishe. Kimbia ulifuate kosa lako ungali na muda wa kulifikia. Na ukilifikia, likiwa limeshaumiza watu, simama katikati yao useme ni mimi. Mtu kama mimi atakushika mkono na kukunong'oneza unyamaze, na atakuwa anakupenda, kama nilivyompenda Baba Saidi. Utoe mkono wake polepole, upite.

Mungu aiongoze mikono yako, mwanangu. Kila gari litakalotoka hapa lifike, na kila aliyepanda akutane na anayemngoja. Akupe macho ya kuona doa dogo sakafuni, na moyo wa kuinuka mara hiyo hiyo. Na ukifika umri wangu, uwe na watu wa kukaa mbele yako wakikusikiliza, na uwe huna la kuwaficha. Amina.

Haya. Simama, ukakifungue kile kichupa cha gari la yule mteja. Mimi nakuja nyuma yako.